Mama Volkano na Mtaa Ulioungua

Mwezi uliopita nilichoma majani nyuma ya nyumba yangu bila kuangalia mawingu. Moto haujamaliza kazi yake, mvua ikashuka, na ile harufu ya majivu mabichi ikaingia hadi jikoni. Niliacha sufuria juu ya makaa nikaenda kusimama mlangoni, naivuta harufu ile kama mtu mwenye kiu. Binti yangu akaniuliza kama ninalia. Nilikuwa ninacheka. Ninyi wenzangu mliokuwa watoto Bunia wakati wa vita mnajua kwamba kila mmoja wetu ana harufu yake, na wengi wenu mna harufu ambazo hamtaki hata kuzitaja. Yangu mimi ni hiyo, na ninaipenda.

Mama yangu alikuwa mtu wa Goma. Nyumba yetu ya kule ilifunikwa na lava, ule uji wa mawe ya moto ulioteremka kutoka mlimani ukakata mji katikati hadi ziwani. Baba alikuwa dereva wa lori, na kwa kuwa safari zake zilikuwa za Butembo na Bunia, akatuhamishia Bunia, ambako nyumba zilikuwa tele kwa sababu wenyewe walikuwa wakizikimbia. Watu walimshangaa mama. Kutoka kwenye volkano uje Bunia, tena wakati kama ule! Alipoanza kuuza samaki wa chumvi wa Kasenyi, kule ziwani, wauzaji wenzake sokoni wakambandika jina la Mama Volkano. Alilipokea kwa furaha, kama mtu aliyepewa kitenge kipya, na hata wateja wakamjua kwa jina hilo.

Nyumbani tulikuwa na mchezo ambao sijauona kwa watu wengine. Kila jambo lilipobadilika, dogo au kubwa, mama alisimamisha kazi yake, akatutazama na kuuliza, "Hii ni gani?" Nasi tulitakiwa kutaja janga. Nilipofika darasa ambalo mwalimu aliacha Kiswahili na kuanza kutufundisha yote kwa Kifaransa, nilirudi nyumbani nalia. Mama akauliza swali lake, nikashindwa kujibu, akajibu mwenyewe: "Ni mafuriko. Maji inapanda pole pole. Weye usipigane nayo, weka vitu yako juu." Basi kila jioni niliweka maneno machache ya Kifaransa mahali pa juu kichwani mwangu, na maji yalipofika shingoni nilikuwa nimekwisha kujua kuogelea. Dada yangu Furaha alipoolewa huko Butembo, na mashangazi wakaja kupiga kelele wiki nzima, hiyo ilikuwa mvua ya mawe: inatisha juu ya mabati, unangoja ndani, halafu inayeyuka. Mdogo wangu Baraka alipozaliwa kabla ya wakati wake, hilo lilikuwa tetemeko. Katika tetemeko usirudi ndani kuchukua kitu chochote. Unatoka uwanjani unahesabu watu.

Lakini lava ndiyo iliyokuwa janga la heshima. Mama aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mkwe mkali. "Lava inatembea," alikuwa akisema, "haikimbie. Inakupatia nafasi. Unabeba mutoto, unabeba sufuria, unaenda kando, unapanda fasi ya juu, unaiacha ipite. Ikishapoa unarudia, unajenga juu yake." Na hivyo ndivyo alivyofanya yeye. Alirudi Goma kandambili zikinata kwenye mwamba uliokuwa bado na joto, akapanga mawe kuzunguka mahali alipodhani ndipo ilipokuwa sebule yetu, ili asije mtu kusema uwanja hauna mwenyewe.

Kwa hiyo vita ilipotufikia Bunia, mama hakuhitaji kufikiri sana. Baba alikuwa amekwama na lori upande wa Beni, barabara imefungwa, na hakuna habari iliyopita. Mama akatukalisha chini, mimi na Baraka, akatutangazia kwamba vita ni lava. Tukisikia inakuja, tutaenda kando na kupanda juu, kwenye uwanja wa kanisa la parokia kilimani. Kama tutapotezana njiani, ni huko tutakutana. Alinirudishia maneno hayo mara nyingi mpaka nikayaimba.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kuamini neno lilivyo. Sikuwa na habari kwamba mtu anaweza kusema lava akiwa na maana ya bunduki. Nilijua tu kwamba lava iko chini ya ardhi ya Bunia, inapika, na siku yoyote itatoka. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nililaza kiganja sakafuni kusikiliza joto. Asubuhi moja nikalikuta. Kona ya nyumba ilikuwa ya moto kabisa! Nikambeba Baraka mgongoni, nikachukua sufuria kama tulivyofundishwa, nikapanda juu ya lundo la takataka nyuma ya choo, kwa kuwa ndilo lililokuwa ile fasi ya juu, mahali pa juu palipo karibu, nikasimama pale nangoja mto wa moto upite.

Aliyetukuta pale alikuwa jirani yetu Mama Mave, mkulima wa Bule aliyekuwa amekimbilia mjini na watoto wake baada ya vijiji vya kule kuharibiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akacheka mpaka kitenge kikamlegea kiunoni, akamwita mama aje aone. Ni mama aliyekuwa ameinua mbabula, lile jiko letu la makaa, kutoka kwenye ile kona muda mfupi uliopita. Mama naye alicheka, lakini alinivuta kando akaniambia nimefanya vizuri, kwa sababu sikusahau mtoto wala sufuria.

Siku hiyo ndipo wale wanawake wawili walipoanza ubishi wao, na ubishi huo ulitulisha kicheko kwa miezi. Mama Mave hakukubali kabisa habari ya lava.

"Mama Furaha," alisema, maana watu wazima walimwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "lava yako inapita mara ngapi?"

"Mara moja. Inapita, inapoa, inaisha."

"Hawa wanaume ya bunduki wamepita mara ngapi?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Walikuwa wamepita mara nyingi. Wa kwanza waliuchukua mji, wa pili wakawafukuza, wa kwanza wakarudi na wengine. Kila mara tulipanda kilimani, tukashuka, tukakuta nyumba ipo, na kila mara mama alisema sasa imepoa. Haikuwa imepoa.

"Hii ni moto ya majani," Mama Mave akasema. "Siye kwetu tunachomaka kilima wakati ya jua. Upepo ikigeuka, moto inakufuata weye mwenyewe. Ukikimbia mbele yake, umekufa. Ukipanda juu, umekufa vilevile, moto inapendaka kupanda. Unatafuta fasi ya ule moto yenye iko nyembamba, unaruka, unaingia kwenye ilishaka kuungua. Unasimama pale mu majivu. Moto haikulake majivu."

"Weye haujaona mulima yenye inatapika," mama alijibu, akimwonyesha mgongo kwa makusudi.

"Na weye haujaona Bule mu mwezi ya pili!"

Waliendelea hivyo, mmoja akitetea volkano yake na mwingine vilima vyake, kama watu wanaobishana ni timu ya nani inayocheza vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao nachambua mchele, masikio wazi. Nikamuuliza Mama Mave kama miguu haiungui ukisimama kwenye majivu. Akanijibu kwamba inaungua kidogo, lakini unabaki nayo.

Haukupita muda mrefu Mama Mave akachoka na Bunia. Aliteremka Kasenyi na watoto wake, wakavuka ziwa kwa mashua kwenda Uganda. Siku ya kuagana mama alimfungia samaki kwenye gazeti na kumwambia akitaka kurudi, arudi wakati lava imepoa. Mama Mave alimtolea ulimi. Niliwapenda sana wakati huo, na niliogopa, kwa sababu nyumba ya jirani ilipobaki tupu hapakuwa tena na mtu mzima mwingine wa kukimbilia.

Asubuhi ile ambayo ninataka kuwasimulia, mama alikuwa ametoka na beseni lake la samaki kwenda sokoni. Shule ilikuwa imefungwa. Nilikuwa ninafua, Baraka anachezea povu. Bunduki zilianza kulia mbali, na hilo halikunishtua, tulikuwa tumezizoea kama mbwa wa majirani. Halafu bomu likaanguka karibu, mabati yote ya mtaa yakatetemeka, na watu wakaanza kutoka majumbani. Nikamfunga Baraka mgongoni. Alikuwa mzito, alikuwa na umri wa kutembea mwenyewe, lakini sikutaka mkono wake unitoke. Nikachukua sufuria. Nikashika njia ya kilimani, kama nilivyofundishwa.

Nilipofika njia panda niliona watu wakishuka kutoka kule ninakopanda. Walikuwa wengi, wamebeba magodoro na mbuzi, na mzee mmoja mwenye godoro kichwani alinipigia kelele, "Weye mutoto, unaenda wapi? Usipande! Ni kule juu wanatokea!" Wote walikuwa wakielekea barabara kubwa ya uwanja wa ndege, wamesongamana, risasi ziko nyuma yao. Sikujua la kufanya. Nilisimama katikati ya njia, watu wananipita kila upande, nalia kwa sauti. Mama alikuwa upande mwingine wa mji, na mahali pa kukutania ndipo vita ilipokuwa inatoka. Kama ningeenda na wale watu, mama angenitafutia wapi?

Ndipo nikaona moshi. Ulikuwa ukitoka mtaa wa juu, unaruka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na ulifuata nyumba zenye vitu: zenye mlango, zenye mabati, zenye watu. Kumbukeni nilivyokuwa, mtoto wa kuamini neno lilivyo. Mtu mzima angesema vita ni kama moto. Mimi niliona moshi nikajiambia: huu ni moto kabisa, kumbe Mama Mave alisema kweli, mama amekosea janga. Na kama ni moto, basi niliyajua ya kufanya. Sikupaswa kukimbia mbele yake wala kupanda. Nilipaswa kutafuta majivu.

Majivu yalikuwepo, na nilijua yalipo. Ng'ambo ya kijito palikuwa na mtaa uliochomwa kwenye mapigano ya nyuma. Kuta zimesimama nyeusi, mabati yote yamebebwa, milango imetolewa pamoja na bawaba zake. Hakuna mtu aliyekanyaga kule. Watoto wa shuleni walisema wenye nyumba bado wanaketi humo saa sita za mchana, wanangoja chakula. Niliogopa, lakini nikajikaza kisabuni. Nikauacha umati, nikapita nyuma ya nyumba, nikavuka kijito maji yakinifika magotini, Baraka akinivuta masikio na kuuliza tunaenda wapi. Nikamwambia tunaenda kwa Mama Mave. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Tuliingia kwenye nyumba isiyo na paa, tukakaa kwenye kona iliyokuwa jiko. Mpapai ulikuwa umeota katikati ya sebule. Hakuna aliyeketi humo akingoja chakula. Mvua ikanyesha, ikatulowesha mpaka mifupa, na ile harufu ikapanda kutoka ardhini ikatuzunguka. Nilitega sufuria, Baraka akanywa, nami nikanywa.

Kisha nikasikia mabuti. Yalikuja polepole upande wa pili wa ukuta, wanaume kadhaa wanazungumza. Niliweka kiganja juu ya mdomo wa Baraka. Mmoja akasema, "Tuangalie humu." Mwingine akacheka. "Utaangalia nini? Huku kulishaka kuisha. Hata musumari haiko. Twende fasi iko watu." Wakaenda. Sauti zao zilipopotea nilitamani kupiga vigelegele. Ndani yangu nilikuwa nacheza. Mama Mave alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, na mimi, mtoto aliyekimbilia juu ya takataka kwa sababu ya mbabula, ndiye niliyemwelewa.

Usiku wake sitausimulia, ulipita kama usiku mwingine. Asubuhi mji ulikuwa kimya. Njaa ilikuwa inatuuma na sikujua nifanye nini tena, kwa kuwa Mama Mave hakuwahi kueleza unatokaje kwenye majivu. Hofu yangu sasa ilikuwa moja tu: kwamba mama yuko hai mahali fulani, anatutafuta kwa kanuni za lava, na hatatufikiria huku milele. Niliweza kuvumilia mambo mengi, lakini hilo lilinivunja. Nililia nimeinamisha kichwa ili Baraka asinione.

Ni Baraka aliyesikia kwanza. Akanivuta nguo. "Mama anauzisha," akasema.

Nilifikiri ni njaa inayomsemesha. Halafu nikasikia mwenyewe, ikitoka mbali kati ya zile kuta nyeusi, ile sauti ya kuvuta ya sokoni: "Samaki! Samaki ya Kasenyi! Samaki ya chumvi!" Katika mtaa usio na paa hata moja, usio na mtu hata mmoja wa kununua, mama yangu alikuwa anapitisha samaki, nyumba kwa nyumba.

Baadaye alitueleza, na kila mwaka aliporudia kisa hicho alikikoleza chumvi zaidi. Mapigano yalimzuia mpaka alfajiri, ndipo akapanda parokiani kwa njia za nyuma, akakuta uwanja mtupu na viatu vya watu. Akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akajitukana pamoja na lava yake yote. Halafu akaniwaza mimi. Alisema alijiuliza yule mutoto wake anayeamini kila kitu angeona nini, akatazama moshi unavyotembea juu ya mji, na akakumbuka nani alikuwa akichambua mchele siku zile Mama Mave anasema. Aliteremka moja kwa moja hadi kwenye mtaa ulioungua. Kuita majina yetu hakuthubutu, kwa sababu kwenye kila kona palikuwa na watu wa kuuliza unatafuta nani, weye ni wa wapi, kabila gani. Lakini mwanamke mwenye beseni kichwani anayetangaza samaki, nani atamsimamisha?

Nami sikumwita mama. Sijui akili hiyo niliitoa wapi. Nilisimama mlangoni pasipo mlango na kuita kama wateja wanavyoita: "Mama samaki! Leta huku!"

Ile sauti ya kuuza ikakatika. Nilisikia kandambili zikikimbia kwenye majivu yaliyolowa, na huyo akatokea, beseni bado kichwani, mkono mmoja umelishika. Alimtazama Baraka, akanitazama mimi kuanzia unyweleni hadi vidole vya miguu, akaitazama na sufuria.

"Mapendo," akaniita kwa jina langu. "Nani alikuambia kuya huku?"

"Ni moto, Mama," nikamwambia. "Haikuwa lava."

Alitua beseni. Alipiga magoti pale pale akatukumbatia wote wawili kwa nguvu hata nikakosa pumzi, na alipozungumza alizungumzia kwenye nywele zangu. "Ni moto. Mama Mave amenishinda. Na weye umenishinda, mutoto yangu. Mimi mutu mukubwa nilikimbilia fasi yenye haiko, na weye ulikimbilia fasi yenye iko." Tangu siku hiyo nimepata diploma, nimepata mume, nimepata watoto na kazi ya kujivunia. Nimekwisha kupitia mafuriko yangu na matetemeko yangu, mengine bila mtu wa kunihesabu uwanjani, na kila mara najiuliza kwanza ni gani hii kabla sijanyanyua mguu. Lakini sijawahi kujisikia mkubwa kama nilivyojisikia pale, mwenye matope hadi kiunoni, mikononi mwa mwanamke ninayemwamini aliyekubali kwamba nilikuwa sahihi.

Ndani ya beseni hapakuwa na samaki. Aliwaacha sokoni bomu la kwanza lilipoanguka. Palikuwa na mawe, ameyafunika na kitambaa ili mzigo uonekane mzigo. Akayamwaga yote kwenye ile sebule yenye mpapai. Akamwinua Baraka, akamkalisha katika beseni, akajitwika. Baraka alikuwa mzito, nimekwisha kusema, lakini shingo ya mama ilizoea mizigo kutoka Kasenyi. Mimi nikamshika kitenge kwa mkono mmoja, sufuria kwa mkono mwingine, tukatoka.

Mtaa wa ng'ambo ya kijito watu walikuwa wanaanza kufungua milango kidogo kidogo, jicho moja nje. Mwanamke mmoja, aliyekuwa akinunua kwetu siku zote, akaliona beseni kabla ya kuona kilichomo. Akatoa kichwa dirishani. "Mama Volkano! Yesu wangu, kumbe uko! Leo umeleta nini?"

Mama hakupunguza mwendo. Aliinua kidevu, na kwa ile sauti ya sokoni iliyokuwa inasikika kutoka sokoni hadi kwetu, akapaza: "Niko nayo! Lakini hii haiuzishwe!"

Baraka akapunga mkono kutoka juu. Mwanamke yule akapiga vigelegele, mwingine akamjibu nyuma ya ua, na mama akarudia kwenye kona iliyofuata na kwenye ile nyingine, mpaka nyumbani, hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza: "Haiuzishwe! Hii haiuzishwe!"